Supaglu juu ya mti

Mteja akiishika kalamu ya mninga niliyoikereza, yaani niliyoichonga ikizunguka mashineni, huizungusha kwenye mwanga kisha huuliza nimepaka vanishi gani. Nikimjibu kwamba ni supaglu, wengi hudhani ninaficha siri ya kazi. Kwao supaglu ni kile kichupa cha gramu 3 kinachoning'inia dukani, cha kubandikia soli iliyoachia au mkono wa miwani. Wapo wanaoikwangua kalamu kwa ukucha palepale, kuona kama gundi itabanduka. Haibanduki, ila imenichukua muda kuelewa ni kwa nini haibanduki, na ni wakati gani itabanduka.

Jina lake la kikemia ni sianoakrilati. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, Harry Coover na wenzake huko Marekani walikuwa wanatafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Hii ikawashinda kwa sababu ilinata kwenye kila ilichokigusa, wakaiweka kando. Mwaka 1951, akiwa kampuni ya Kodak, Coover alikutana nayo tena, mara hii mwenzake Fred Joyner alipoitandaza kati ya vioo viwili vya kifaa cha kupimia jinsi mwanga unavyopinda na vioo vikagoma kuachana. Mwaka 1958 ikaingia sokoni. Kilichowasumbua mwanzoni ndicho kinachonisumbua mimi mpaka leo: unyevu. Karibu kila kitu kimevaa utando mwembamba wa maji usioonekana, hata kioo kilichofutwa kikang'aa, na maji hayo ndiyo yanayoiamsha gundi hii.

Kwa hiyo supaglu haikauki. Vanishi hukauka: tina iliyoizimua inaruka hewani, kinachobaki kinakuwa kigumu. Ukitaka vanishi iwahi, unaiweka juani. Supaglu ikiguswa na unyevu, chembe zake hushikana moja kwa nyingine, minyororo na minyororo, mpaka yale majimaji yanageuka plastiki ngumu, na wakati inashikana inatoa joto. Kila jambo nililolijua baadaye kuhusu kupaka gundi kwenye mti unaozunguka limetokana na hapo. Fundi anayeichukulia kama vanishi atasumbuka sana, hasa akiwa pwani.

Mimi nilianza kukereza Arusha. Miezi ya kiangazi hewa ya kule ni kavu, na gundi inakupa nafasi. Unadondosha matone mawili kwenye karatasi laini, unaipitisha chini ya kipande kinachozunguka, unakwenda na kurudi, na tabaka linatandaa lenyewe kabla ya kushika. Nilipohamia Dar es Salaam nikaja na mazoea yaleyale na vichupa vilevile, na masika yalipoanza gundi ikawa inashika kabla karatasi haijafika mwisho wa kalamu. Matokeo yake ni vituta vinavyozunguka kalamu nzima, nyuzi za karatasi zilizonaswa ndani ya tabaka, na pengine ukungu mweupe juu yake. Mafundi wenzangu waliniambia gundi ya Dar ni feki. Gundi ilikuwa ya duka lilelile la Arusha.

Wengi wetu hufanya kazi nyeti asubuhi mapema, kichwa kikiwa kimetulia na jua halijawa kali. Kwa useremala wa kawaida ni sawa. Kwa gundi hii, asubuhi ya Dar ndiyo saa mbaya, kwa sababu usiku hewa hupoa na kujaa unyevu, na unyevu huo hupungua kadiri jua linavyopanda. Wakati wa masika nakereza na kupiga msasa asubuhi, gundi naiacha hadi saa nane au tisa alasiri. Mvua ikiwa inanyesha, sipaki kabisa. Nafanya kazi nyingine, natoboa, nakata, naunga mirija ya shaba inayokaa ndani ya kalamu.

Jambo la pili ni wingi. Tabaka nene linashika juu kwanza, na chini kunabaki majimaji ambayo joto lake halina pa kutokea. Hapo ndipo vipovu na weupe vinapozaliwa. Tabaka jembamba linashika lote kwa pamoja. Ndiyo maana kuna watu wanaopaka mara nane, tisa, kumi, na kazi yao inaonekana imepakwa mara moja, na kuna wanaopaka mara tatu tu nzito na kazi yao inaonekana imepakwa kwa kijiko.

Namna ninavyofanya sasa ni hivi. Kipande kikishafikia umbo, napiga msasa namba 150 mpaka 400, na kila nikibadilisha namba nasimamisha mashine nisugue kwa urefu wa mti kufuta michirizi ya mzunguko. Napuliza vumbi, nafuta kwa asetoni kidogo, kiyeyusho kinachoondoa mafuta, nasubiri iruke. Mashine naiweka mwendo wa chini, mizunguko kama 500 kwa dakika au pungufu, maana mwendo mkali unarusha gundi, na itakaporuka itakufuata usoni. Matabaka mawili ya kwanza ni ya gundi nyepesi kama maji, yale yanayoingia ndani ya mti. Yanayofuata ni ya gundi nzito kiasi, ambayo dukani kwetu haipatikani kirahisi na mara nyingi huagizwa pamoja na vifaa vya kalamu. Ukiwa na vile vichupa vya gramu 3 tu, kazi inawezekana. Utaongeza idadi ya matabaka. Kati ya tabaka na tabaka nangoja mpaka iache kunata, na siigusi kwa kidole kama mgonjwa anayepimwa homa. Nauelekeza mwanga wa taa juu yake tu.

Kidole ni tatizo kubwa kuliko kinavyoonekana. Jasho na mafuta ya mkono yanabaki kwenye mti, na gundi itashika haraka zaidi hapo kuliko pembeni. Wapelelezi wa polisi wanaitumia tabia hiyohiyo: wanafukiza mvuke wa sianoakrilati ndani ya sanduku lenye ushahidi, mvuke unagandia kwenye alama za vidole, zinatokea nyeupe. Kwenye kalamu yako hutaki upelelezi wa namna hiyo.

Ipo dawa ya kupuliza inayoharakisha gundi. Wenzetu wa nchi za baridi, ambako wakati wa kipupwe hewa ya karakana yenye hita inakuwa kavu, wanaihitaji na wanaisifia. Dar es Salaam sijaona kazi yake kwenye upakaji. Hewa yenyewe ni dawa tosha. Ukiipuliza karibu, gundi inachemka na kutoa povu jeupe ambalo halitoki ila kwa kukereza tena. Naitunza kwa ajili ya kuziba nyufa tu: unajaza vumbi la mti uleule kwenye ufa, unadondosha gundi nyepesi, inazama na kushika. Magadi ya kuokea nayo yanaishikisha gundi papo hapo, lakini yanaacha weupe, kwa hiyo kwenye mbao nyeusi yataonekana.

Sasa kuhusu kitambaa. Karakana zetu zinaendeshwa na matambara: vipande vya kanga kuukuu, fulana zilizochanika, na vyote ni pamba. Pamba na supaglu havikai pamoja. Nyuzi zake ni nyingi na nyembamba na zina unyevu, gundi inashika yote kwa mkupuo, na lile joto nililolisema linatoka lote kwa mara moja. Kijana mmoja aliyekuwa anajifunza kwa jirani yangu alimwagikiwa na gundi kwenye tambara alilokuwa amelifumbata. Likaanza kutoa moshi mkononi mwake. Alilitupa, lakini kiganja kilikuwa kimeshaungua, na malengelenge yalikuwa makubwa kuliko ya maji ya moto. Tangu hapo kwenye meza ya gundi hakuna kanga, hakuna glavu za pamba, na mikono mirefu ya shati inakunjwa. Natumia karatasi laini za jikoni zilizokunjwa mara kadhaa, na kipande cha mfuko wa plastiki mwembamba kidoleni, kwa sababu gundi hii haina uwezo juu ya polithini. Ndiyo maana hata vichupa vyake ni vya plastiki ya jamii hiyo.

Elimu hiyo ya polithini imeniokolea fedha. Kalamu inapokerezwa inashikwa kwenye fimbo ya chuma kati ya pete mbili za chuma zinazokuonyesha unene wa mwisho. Ukipaka gundi pete zikiwa bado pale, zinaungana na mti, na kuzitenganisha kwa kisu kunameng'enya ukingo wa tabaka, mahali penyewe panapokutana na bati la kalamu ambapo kila mtu anatazama. Wauzaji wa vifaa wana koni za plastiki za kazi hiyo na bei yake si ndogo. Mimi nilikata ubao wa plastiki wa jikoni uliochakaa, nikatoboa, nikakereza koni zangu. Ni laini mno kwa mashine lakini hazihitaji kuwa ngumu. Gundi ikizigusa, inaachia yenyewe.

Macho na pua. Mvuke wa gundi unafuata maji, na mwilini maji ya karibu yako machoni na kooni. Wala hausikii harufu kali mpaka umeinama kuangalia kazi, na hapo umechelewa, machozi yanatoka na mafua ya uongo yanakukamata jioni nzima. Kwa watu wengine kuuvuta mara kwa mara kunaleta pumu, na pumu ya kazini haiondoki kwa kunywa maziwa, kama baadhi ya mafundi wanavyoamini. Barakoa za kitambaa au zile za hospitali hazizuii mvuke; zinasaidia kwa vumbi tu, tena si lote. Kinachofaa ni kipumulio chenye vichujio vya mkaa. Kwa asiye nacho, feni iwekwe nyuma ya mgongo wake au ubavuni, ipeleke hewa mbele na nje kupitia dirisha, na uso ubaki upande upepo unakotoka. Miwani ya kinga ni lazima. Nimezoea kuona miwani yangu ina ukungu mweupe usiofutika, na kila nikiuona najua ungekuwa wapi bila miwani. Vidole vikigandana, usivute: maji ya uvuguvugu yenye sabuni na subira, au asetoni kwa ngozi tu. Gundi ikiingia jichoni, ni maji na hospitali. Asetoni isisogee huko.

Kung'arisha ndiko kulikonipeleka kwa watu nisiowatarajia. Maelekezo mengi yanataka vitambaa maalumu vya kusugulia vya namba hadi 12000, na kweli ni vizuri. Lakini mafundi rangi wa magari wana msasa wa maji namba 1000, 1500 na 2000, na wana ile krimu wanayoiita kompaundi, na wamekuwa wakisawazisha rangi juu ya mabati kabla mimi sijashika patasi. Kwanza nasawazisha kwa namba 400 au 600 bila maji, polepole, naangalia mng'ao. Sehemu inayong'aa wakati pembeni pamefifia ni bonde ambalo msasa haujalifikia. Ukiendelea hadi mabonde yote yafifie, una uso ulionyooka. Mabonde yakiwa mengi, ongeza matabaka usije ukatoboa mpaka kwenye mti. Ukitoboa, utaona doa lenye rangi tofauti, na kulipaka hapo peke yake huwa haliungani vizuri. Afadhali kurudi nyuma. Baada ya hapo ni msasa wa maji na kompaundi, na fundi rangi mmoja wa gereji ya jirani alinifundisha kutia tone la sabuni ya maji kwenye bakuli ili msasa usikwaruze. Sijui kwa nini wakerezaji hatuzungumzi na watu wa magari mara nyingi zaidi.

Si kila mti unataka gundi. Mninga unaipokea vizuri mno. Rangi yake ya kahawia yenye wekundu inafunguka tone la kwanza linapogusa. Mkongo nao hivyo. Msaji, yaani mtiki, una mafuta, na mafuta ni adui: gundi itashika juu ya mafuta, na siku kalamu ikianguka sakafuni tabaka linaachia vipande vipande. Msaji unafutwa na asetoni mara mbili na kupakwa papo hapo, kabla mafuta ya ndani hayajapanda juu tena. Na asetoni iwe ya dukani kwa mafundi, si ile ya saluni ya kutolea rangi ya kucha, kwa sababu ya saluni mara nyingi imetiwa manukato na mafuta ya kulainisha ngozi. Utakuwa unapaka unachojaribu kukiondoa.

Mti ulionipa raha kuliko yote ni mnazi. Minazi mizee isiyozaa inakatwa, mingi inaishia kuwa nguzo za banda au kuni, na wakerezaji wanaiogopa kwa sababu si mti kama miti mingine. Hauna duara za mwaka. Una nyuzi za kahawia ngumu sana zilizopita katikati ya nyama laini iliyopauka, na patasi ikipita inakata nyuzi na kung'oa nyama. Unabaki na kipande chenye vishimo tele. Hapo gundi inaacha kuwa urembo. Nakereza mpaka kipande kiwe kinene kidogo kuliko ninavyotaka, nasimamisha mashine, namimina gundi nyepesi ikazama, nazungusha kwa mkono, namimina tena. Kwa kidogo kidogo, maana mti uliokauka na wenye vishimo ukinywa nyingi kwa mara moja unapata moto na kufuka moshi kama lile tambara. Nausubiri upoe, nanoa patasi, namalizia. Sasa nyama na nyuzi vinakatika pamoja, na madoadoa ya kahawia yanatokea ambayo miti ya kawaida haina. Kalamu za mnazi ndizo ninazoziuza zaidi kwa watu wa pwani, na kwa watu wa Ulaya naziuza kidogo. Wao wanataka mpingo.

Na mpingo siupaki gundi. Nilikuwa naupaka, kwa sababu wateja walitaka mng'ao, mpaka mteja mmoja alipoigonga kalamu mezani na kuuliza kama hii ni plastiki. Nilikasirika, ila alikuwa na haki. Mpingo ni mweusi, hauonyeshi mistari yake chini ya kioo, na ukiufunika kwa plastiki inayong'aa hakuna jicho litakalotofautisha. Tena ni mzito, mita moja ya ujazo ina kilo kama 1,200, unazama majini. Umebana kiasi kwamba gundi haina pa kuingia. Una mafuta yake. Ukiufuta kwa asetoni, karatasi inatoka na zambarau, na ukifuta tena inatoka tena, na rangi hiyo ikikutana na ule mti mweupe wa pembeni inautia uchafu usiotoka. Mzee mmoja mchongaji pale Mwenge, Dar es Salaam, nilimwonyesha kalamu hiyo. Nilimwamkia, akaitazama, akanirudishia. "Mti huu una mafuta yake," akasema, "wewe unayatoa halafu unaupakia ya dukani. Ya nini?" Nikamwuliza yeye anapaka nini. Akacheka: dawa ya viatu, kwa wageni wenye haraka. (Dawa ya viatu nyeusi imeuza sanamu nyingi za mti usio mpingo, na yeye analijua hilo kuliko mimi.) Sasa mpingo naupiga msasa mpaka 2000, nausugua kwa vinyolewa vyake mwenyewe mashine ikizunguka kwa kasi, kisha nta kidogo. Na barakoa kwa vumbi, kwa sababu vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua.

Bakuli pia siyapaki gundi. Eneo ni kubwa mno, itashika kabla hujaizunguka, na gharama yake haina maana. Gundi ni ya vitu vidogo vinavyoshikwa na mkono wenye jasho kila siku: kalamu, mpini wa kisu kidogo, kishikio cha funguo, kete. Jasho hilohilo lililoharakisha gundi ilipokuwa maji halipenyi kirahisi ikishakuwa plastiki.

Halipenyi kwa juu. Kwa pembeni ni habari nyingine, na hilo nililijua kalamu ziliporudi. Zilikuwa za mninga, nzuri, na kwenye ukingo karibu na pete ya bati palikuwa na weupe uliopanda ndani ya tabaka, kama nusu sentimita. Uso haukuwa na ufa. Maji yalikuwa yameingilia kwenye kichwa cha mti, pale ulipokatwa mkato, ambapo mirija yake iko wazi na hakuna aliyepafikiria kupapaka. Mengine niliyaingiza mimi mwenyewe nikitumia msasa wa maji huku vichwa viko wazi. Mti uliyanywa, ukavimba, ukalisukuma tabaka. Siku hizi kabla ya kuanza msasa wa maji natoa kipande kwenye mashine, natia tone la gundi nyepesi kwenye kila kichwa, nakizungusha ili lifike kote, nasawazisha kwa msasa uliobandikwa kwenye kioo bapa mpaka shaba ya mrija ionekane safi. Na siunganishi kalamu siku hiyohiyo. Gundi mpya inaendelea kutoa mvuke kidogo hata ikishakuwa ngumu, na ukiibana na mabati na kuifungia kwenye kasha, mvuke hutua kwenye bati likafifia. Nazilaza kwenye trei ya wazi, juu ya kabati, mbali na vumbi, hadi kesho yake.

Zile zilizorudi sikuzipaka juu kwa juu. Nilichomoa mabati kwa kisukumio, nikazirudisha mashineni, nikaondoa tabaka lote kwa patasi kali. Inatoka kwa utepe mrefu mwembamba, rahisi kuliko kuivua kwa asetoni, ambayo ingeingia hadi kwenye gundi inayoushika mrija. Nikaacha mti ukauke kwa feni, nikaziba vichwa, nikaanza upya na tabaka la kwanza.